Joto halifi, linahama: historia fupi ya feni za kadi za grafiki, ikisomwa toka Uvira



Mnajua namna joto la hapa linavyokuwa mwezi wa tisa, mbele mvua ishike. Rafiki mmoja tuliyesoma naye ana chumba kidogo huko Mulongwe: mabati juu, dirisha moja, meza moja. Kazi yake ni kufanya montaji ya video za ndoa. Mwaka jana alijipatia kadi ya grafiki ya mtumba, kubwa kama tofali, yenye feni tatu. Mchana umeme ni wa kubahatisha, kwa hiyo anaiacha mashini ifanye kazi usiku.

Siku moja nilikuwa kwake, saa tano ya usiku, tukasikia hodi. Alikuwa mama wa nyumba ya jirani.

"Mwanangu, hicho kitu chako kinalia kama gurupe. Watoto hawalali."

"Mama, unisamehe. Nikizima feni, mashini itaungua."

"Kwa hiyo mashini ilale vizuri, sisi tukeshe?"

Tulicheka, naye akacheka, akarudi kwake. Lakini swali lake lilibaki kichwani mwangu. Nilipoanza kutafuta historia ya hizi feni, niliona kwamba mama alikuwa amegusa jambo ambalo makampuni makubwa yanapambana nalo zaidi ya miaka 20. Na historia hiyo, kumbe, haiishii California. Inapita hapa kwetu, ndani ya machimbo yetu na juu ya mito yetu. Njo maana nimeona niiandike.

1. Wakati kadi zilikuwa kimya

Tuanze na fizikia ya sekondari. Mwaka 1841, Mwingereza James Prescott Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia, alionyesha kwamba umeme ukipita ndani ya waya unazaa joto, na mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Sheria hiyo inafanya kazi ndani ya pasi, ndani ya risho, na ndani ya kompyuta.

Kuna tofauti moja ambayo watu mingi hawaifikirii. Kinu cha kusaga mihogo kinatumia umeme na kinakuachia unga. Pampu inakuachia maji juu ya kilima. Kompyuta inakuachia hesabu, na hesabu haina uzito wala mwendo. Kwa hiyo karibu kila wati inayoingia ndani ya kadi ya grafiki inatoka kama joto. Kadi ya wati 300 ni hita ya wati 300, hata kama inachora picha nzuri namna gani.

Mwanzoni jambo hili halikusumbua mtu, juu umeme uliotumika ulikuwa kidogo. Mwaka 1996 kampuni ya 3dfx ilitoa Voodoo Graphics, kadi iliyofungua mlango wa michezo ya kompyuta yenye picha za pande tatu. Ukiangalia kadi hiyo leo utashangaa: chipu ziko uchi. Hakuna feni, hakuna hata kipande cha aluminiamu cha kupoozea. Hewa iliyopita ndani ya sanduku ilitosha. Kadi za kwanza ziliingia dukani karibu mwezi wa kumi 1996. Sisi wa Uvira tunaujua mwezi huo kwa sababu nyingine kabisa: njo mwezi vita vilipoingia mjini, na wazazi wetu wakakimbia na godoro kichwani. Nataja hili ili tukumbuke kwamba historia mbili hizi zilikuwa zinatembea pamoja, hata kama hazikujuana bado.

Mwaka 1999 Nvidia ilitoa GeForce 256. Kadi hiyo ilikuwa na chipu iliyobeba kazi nyingi zaidi, na juu yake kulikuwa na kipande cha aluminiamu chenye mapezi na feni ndogo. Tangu hapo feni haikuondoka tena kwenye kadi za nguvu.

2. Mwaka ambao feni ilichekwa na dunia

Mwezi wa nane 2002, kampuni ya ATI ya Kanada ilitoa Radeon 9700 Pro. Ilikuwa na kasi, na haikupiga kelele sana. Nvidia ilishikwa nyuma. Ili kufikia mpinzani wake, iliisukuma chipu yake mpya hadi megahezi 500, wakati ile ya ATI ilikuwa kwenye 325. Ndivyo ilivyozaliwa GeForce FX 5800 Ultra, mwanzo wa 2003.

Kuisukuma chipu namna hiyo kulizaa joto ambalo feni ndogo haikuweza kuliondoa. Wahandisi wakaweka kifaa kikubwa kilichoziba nafasi mbili ndani ya kompyuta: kinavuta hewa toka nje, kinaipitisha juu ya shaba, kisha kinaitupa nje tena. Joto liliondoka, lakini sauti! Watu waliifananisha na kifyonza vumbi cha mkononi, wengine na mashini ya kukausha nywele ya saluni. Kejeli zilienea mpaka Nvidia wenyewe wakatengeneza filamu fupi ya kujicheka. Baada ya miezi michache waliiacha, wakaleta FX 5900 iliyokuwa na utulivu zaidi.

Wengi wanalisimulia jambo hili kama kichekesho tu. Mimi naliona kama somo la kwanza. Kosa halikuwa kwenye feni. Kosa lilikuwa kwenye uamuzi wa kutafuta kasi kwa kuongeza umeme. Feni ilitumwa tu kulipa deni ambalo wengine walikopa.

3. Kwa nini feni inalia hivyo

Hapa wale wa fakilte ya sayansi watanisahihisha, lakini hesabu ni rahisi. Feni ikizunguka mara mbili zaidi, hewa inayopita inaongezeka mara mbili. Lakini umeme inaoutumia feni yenyewe unaongezeka karibu mara nane, na kelele inapanda karibu desibeli 15. Sikio la mtu linahesabu desibeli 10 za nyongeza kama kelele mara mbili. Kwa hiyo hewa mara mbili unailipa kwa kelele inayokaribia mara tatu. Feni kubwa ikizunguka polepole inapitisha hewa ile ile bila fujo. Ndogo inabidi ikimbie, na ikikimbia inapiga kelele. Kwa hiyo kadi za leo ni kubwa kama tofali: makampuni yamenunua utulivu kwa kuongeza ukubwa.

Sasa tulete hesabu hiyo Uvira. Tuseme kadi imepimwa ndani ya chumba cha digrii 25, na chipu yake ikifanya kazi inafika 75. Maana yake feni inaweza kuiweka chipu digrii 50 juu ya hewa ya chumba. Peleka kadi ile ile chini ya mabati, chumba kiwe digrii 35: kwa mwendo ule ule wa feni, chipu itafika 85. Programu ya kadi inaona hatari, inaongeza mizunguko. Kelele inapanda. Hewa ya moto inatoka, inabaki ndani ya chumba kile kile chenye dirisha moja, chumba kinafika 38, feni inaongeza tena. Mwishoni feni inafika ukomo, na kadi inaanza kupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue. Rafiki yangu alinunua kasi, lakini usiku wa mwezi wa tisa ile kasi yote hawezi kuipata.

Tena kuna jambo la mwinuko. Ziwa letu liko karibu meta 773 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 9, na hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Feni ya Uvira inabidi ifanye kazi zaidi kuliko ya Dar es Salaam ili kuondoa joto lile lile. Ongeza vumbi la barabara ya kwenda Kavimvira kati ya mapezi ya aluminiamu. Hakuna mhandisi aliyemkusudia mama wa Mulongwe, lakini njo yeye anayesikia matokeo.

4. Miaka ya wati nyingi

Zamani wataalamu walikuwa na tumaini. Mwaka 1974 Robert Dennard wa IBM alionyesha pamoja na wenzake kwamba ukipunguza ukubwa wa transista, unaweza pia kupunguza volti, na umeme kwa kila kipande cha chipu unabaki ule ule. Kwa miaka 30 hivi tumaini hilo lilitimia: chipu ziliongeza nguvu bila kuongeza joto kwa kiasi kile kile. Karibu 2005 lilivunjika. Volti zilikataa kushuka zaidi, lakini transista ziliendelea kuongezeka. Toka hapo kila mtu aliyetaka nguvu zaidi alijikuta analipa wati zaidi.

Fuata namba. Mwezi wa tatu 2010, GeForce GTX 480 ilitoka na wati 250, ikifanya kazi zaidi ya digrii 90. Vijana wa Ulaya walitania kwamba inaweza kukaanga yai. Mwaka 2013 AMD, ambayo ilikuwa imeinunua ATI mwaka 2006, ilitoa R9 290X na kusema wazi kwamba digrii 95 ni hali yake ya kawaida. Feni yake ya kwanza ililalamikiwa dunia nzima. Mwaka 2020 RTX 3090 ilifika wati 350. Mwaka 2022 RTX 4090 ikafika 450. Mwezi wa kwanza 2025 RTX 5090 ikafika 575. Hiyo ni karibu nusu ya pasi ya umeme, iliyowashwa muda wote unapofanya kazi.

Na bado kadi nyingi za leo hazilii kama ile ya 2003. Namna gani? Kwa akili zilizotoka mbali. Moja ni bomba la joto: bomba la shaba lililofungwa, lenye kimiminika kidogo ndani. Upande wa chipu kimiminika kinageuka mvuke, mvuke unakimbilia upande wa baridi, unageuka maji tena, unarudi. Halina pampu, halina kelele. George Grover aliliendeleza mwaka 1963 kule Los Alamos, Marekani, ambako walikuwa wanafikiria vyombo vya anga. Nyingine ilienea kuanzia 2014 hivi: feni zinasimama kabisa kadi ikiwa haina kazi.

Lakini angalia vizuri. Bomba la joto haliondoi joto hata kidogo. Linalitoa kwenye chipu na kulipeleka kwenye mapezi. Feni inalitoa kwenye mapezi na kulipeleka ndani ya sanduku. Feni nyingine inalitoa ndani ya sanduku na kulipeleka chumbani. Mwenye kiyoyozi analitoa chumbani na kulimwaga kwa jirani. Historia yote ya kupooza ni historia ya kuhamisha. Kwa hiyo kila ukisikia kwamba tatizo la joto limetatuliwa, uliza: limepelekwa kwa nani?

5. Bati letu ndani ya kadi yao

Joto likibaki mahali pabaya, kitu kinapasuka. Mara nyingi kinachopasuka ni lehemu, ile chuma laini inayoshikilia chipu kwenye bodi. Chipu ikipata moto inatanuka, ikipoa inajikunja. Bodi nayo inatanuka kwa kipimo chake tofauti. Kila siku kuwasha na kuzima, lehemu inavutwa huku na huku mpaka inachoka.

Mwezi wa saba 2007 Microsoft ilitangaza kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya kutengeneza mashini za Xbox 360 zilizokuwa zinakufa. Mwaka mmoja baadaye Nvidia nayo ilitenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa sababu ya chipu zake za kompyuta za kubeba mkononi zilizokuwa zinaharibika kwa joto. Hasara hizi zilikuja wakati viwanda vinabadilisha lehemu. Toka tarehe 1 mwezi wa saba 2006, Umoja wa Ulaya ulikataza madini ya risasi ndani ya vifaa vingi vya elektroniki, kwa sababu ni sumu. Lehemu ya zamani ilikuwa na bati karibu asilimia 63, iliyobaki ni risasi. Lehemu mpya iliyotumika sana ina bati zaidi ya asilimia 96.

Sasa, bati linatoka wapi? Kwa sehemu, kwetu. Kasiterite ya Walikale, ya Kalehe, ya Shabunda, hiyo ndiyo bati. Mwaka 2002 waligundua Bisie, ndani ya pori la Walikale, na kwa miaka mingi magunia yalitoka pale yakibebwa mgongoni mpaka barabara iliyotumiwa na ndege ndogo kama uwanja. Wenye bunduki walikaa njiani wakitoza. Mbele ya bati ilikuwa koltani: mwisho wa 2000 bei yake ilipanda kwa kasi, wakulima wakaacha mashamba, na baada ya miezi bei ikaanguka. Koltani inatoa tantali, ambayo inatumika kwenye kapasita ndogo, zile zinazotuliza umeme ndani ya vifaa.

Mwezi wa tisa 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Ulifunguliwa tena mwezi wa tatu 2011. Mwaka huo huo wa 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, iliyolazimisha makampuni kueleza kama madini yao yanatoka Kongo au kwa jirani zake. Wasomaji wengi wa ukurasa huu walikuwa shule ya msingi wakati ule, na wengine walikosa karo juu baba alikuwa mchimbaji.

Sisemi kwamba kila kadi imejaa bati la Walikale. Hakuna anayeweza kuiangalia kadi na kusema hivyo. Nasema kwamba tulikuwa ndani ya hii historia toka mwanzo wa mnyororo, na sasa, kadi za mtumba zikirudi Uvira, tuko pia mwisho wake. Kinachopita katikati, yaani faida, hatukioni.

6. Kontena za Luviro

Kuna mahali pamoja Kongo Mashariki ambapo joto, kelele na umeme vilikutana waziwazi. Ni Luviro, wilaya ya Lubero, Kivu Kaskazini.

Mbuga ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925. Katika miaka ya karibuni, chini ya mkurugenzi wake Emmanuel de Merode, ilianza kujenga mitambo midogo ya umeme wa maji pembeni ya mbuga: Mutwanga, Matebe, kisha Luviro. Wazo lilikuwa kuwapa watu umeme na kazi ili wasikate miti kwa makaa. Mwaka 2018 watalii wawili walitekwa na mlinzi mmoja aliuawa, mbuga ikafungwa kwa miezi. Mwaka 2020 korona ikafunga tena. Pesa za utalii zikakauka. Wakati ule ule mtambo wa Luviro ulikuwa na umeme usiokuwa na mnunuzi, juu nyaya za kuufikisha kwa watu zilikuwa hazijakamilika.

Njo mwaka 2020 mbuga ilipoanza kuchimba bitcoin. Mfaransa Sébastien Gouspillou alisaidia kupanga kazi. Kontena za meli ziliwekwa karibu na mtambo, nyingine za mbuga, nyingine zake, na ndani ya kila moja mamia ya mashini.

Hapa nieleze: bitcoin haichimbwi tena na kadi za grafiki. Ilichimbwa nazo miaka ya 2010 na 2011, kisha 2013 zikaja mashini zilizotengenezwa kwa kazi hiyo moja tu. Lakini ni ndugu zake: chipu, mapezi, feni mbili zinazokimbia. Mashini ya aina hiyo iliyotoka 2016 ilikuwa inatumia karibu wati 1,300, na sauti yake moja tu inatosha kukushinda kuongea kwenye simu. Fanya hesabu ya mfano: mashini 300 ndani ya kontena ni karibu kilowati 390, yote inageuka joto ndani ya sanduku la chuma. Ndiyo maana upande mmoja wanaingiza hewa ya mlima, upande mwingine wanaitupa.

Watu wanabishana kama Luviro ilikuwa busara. Mimi naona inajibu swali la mama kwa namna moja ya haki: umeme ule ulikuwa haumfikii mtu, na kelele ilibaki karibu na mto wenye kelele yake. Mahali pengine haikuwa hivyo. Kule Granbury, Texas, mwaka 2024 wakazi walilalamika kwamba feni za mgodi wa bitcoin ziliwanyima usingizi na kuwaumiza kichwa. Mashini ni zile zile. Kilichobadilika ni nani analala karibu.

Na Luviro yenyewe ni jibu la muda. Siku nyaya zikifika kwa wasaga nafaka na maseremala, swali linarudi: wati hizi ni za nani?

7. Ruzizi, na uamuzi wetu

Sasa turudi kwetu. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu, karibu meta 1,460, unashuka mpaka Tanganyika. Wabelgiji walijenga mtambo wa Ruzizi I, ulioanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, wenye megawati 29.8. Ruzizi II, ya Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja, ilikuja 1989 na megawati 43.8. Kongo Mashariki imeongeza watu mara nyingi toka wakati huo, na bado mji wetu unategemea maji yale yale. Delestaji tunayoilaani kila jioni ina historia yake hapo.

Nayaandika haya juu kuna mazungumzo kati yetu sisi vijana. Wengine wanataka tuchange pesa, tununue kadi 10 za mtumba, tuchimbe sarafu za kidijitali kwa umeme wa SNEL. Bei ya kadi hizo ilishuka, na kuna sababu. Tarehe 15 mwezi wa tisa 2022 Ethereum, sarafu kubwa iliyokuwa inachimbwa kwa kadi za grafiki, iliacha kabisa namna hiyo ya kuchimba, na matumizi yake ya umeme yakashuka zaidi ya asilimia 99. Kadi nyingi zilizokuwa zinawaka mchana na usiku kwa miaka zikamwagwa sokoni. Nyingine zinafika huku zikiwa na pasta iliyokauka na feni zilizochoka. Tunauziwa uchovu wa wengine kwa bei nafuu.

Hesabu: kadi 10 za wati 200 ni kilowati 2. Mchana na usiku ni saa-kilowati 48 kila siku. Ni pasi mbili zisizozimwa, ndani ya chumba cha mabati, kwenye laini ile ile inayowasha friji ya mama anayeuza mikeke na taa ya mtoto anayesoma kwa mtihani wa serikali. Luviro walitumia umeme uliokosa mtu. Sisi tutatumia umeme unaogombewa. Kwa hiyo mimi nasema hapana, na naomba wenzangu wapime kabla ya kuchanga.

Lakini sisemi tuache kadi za grafiki. Montaji, ramani, usanifu wa majengo, kufundisha programu za akili bandia zielewe Kiswahili chetu, yote haya yanazihitaji, na ni kazi zinazobaki hapa. Kwa hizo, tuchukue somo la 2003 tuligeuze. Umeme wa chipu unafuata volti mara volti mara kasi. Punguza kasi kwa asilimia 10 na volti kwa asilimia 10: unabaki na karibu asilimia 73 ya umeme. Umepoteza sehemu moja ya kumi ya kasi, umeokoa zaidi ya robo ya joto. Programu za bure zinafanya hivyo kwa dakika 5. Safisha mapezi kila mwezi kwa brashi. Badilisha pasta. Weka sanduku karibu na dirisha, mgongo ukitazama nje, lakini usitazame dirisha la jirani.

Nilimsaidia rafiki yangu kufanya hivyo siku ya jumapili. Tulitoa vumbi la kutosha kujaza kikombe. Video iliyokuwa inachukua saa nne sasa inachukua saa nne na nusu. Feni bado inasikika ukiwa chumbani, kama mvua ya mbali.

Juma lililofuata mama alipita, akasimama mlangoni.

"Mwanangu, umeuza ile mashini?"

"Hapana, mama. Iko inafanya kazi."

Alisikiliza kidogo, akaitika kwa kichwa, akaendelea na njia yake kwenda Kalundu.